Kihisi cha Umbali Hakijui Umbali

Chukua roboti ya magurudumu mawili, ya aina inayoundwa kwenye vilabu vya sayansi vya sekondari, yenye yale macho mawili ya bati mbele, yaani kihisi cha umbali kinachotumia sauti. Ielekeze ukutani uso kwa uso. Itakwenda, itasimama sentimita 20 kabla ya ukuta, na darasa zima litapiga makofi. Sasa igeuze iuendee ukuta uleule kwa mshazari, kama mtu anayekata kona. Kuna uwezekano mkubwa itaugonga bila hata kupunguza mwendo, huku kompyuta ikionyesha kwamba mbele kuna mita 2 za uwazi.

Kihisi hakijafa. Kimefanya kazi yake barabara. Kosa liko kwenye jina tulilokipa. Hiki tunachokiita kihisi cha umbali hakipimi umbali. Kinapima muda unaopita mpaka usikike mwangwi wa kwanza wenye nguvu ya kutosha. Umbali tunaukokotoa sisi wenyewe, kwa kubahatisha mambo mawili matatu ambayo kihisi hakuyathibitisha. Hitilafu nyingi utakazokutana nazo zimejificha ndani ya maneno hayo: muda, wa kwanza, nguvu ya kutosha.

Kinachouzwa zaidi ni HC-SR04. Kina pini 4: VCC ya kuingiza umeme, Trig ya kukiamuru kipige, Echo ya kutoa jibu, na GND, yaani graundi. Ukitazama bodi yake utaona herufi T kando ya jicho moja na R kando ya lingine. T ni spika, R ni maikrofoni, na ndani ya kila moja mna kipande cha pizo, kitu ambacho hujikunja kikipewa umeme na hutoa umeme kikitikiswa. Tabia hiyo ya kutoa umeme ilielezwa na ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880. Ukiipa pini ya Trig volti 5 kwa maikrosekunde 10, spika hutoa mitikisiko 8 ya kilohetzi 40. Sikio la binadamu hukomea karibu kilohetzi 20, kwa hiyo wewe husikii kitu, labda mlio mdogo wa tik-tik. Pini ya Echo hupanda, na hubaki juu mpaka mwangwi urejee. Muda huo wa kubaki juu ndio jibu lote unalopewa.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Hewani, kwenye joto la nyuzi 20, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Imekwenda na kurudi, kwa hiyo unagawa kwa mbili. Kila sentimita ya umbali hugharimu karibu maikrosekunde 58. Ukuta ulio mita 1 utaiacha Echo juu kwa maikrosekunde 5,800 hivi. Ndiyo maana programu nyingi zina ule mstari wa kugawanya kwa 58, ambao watu hunakili bila kujiuliza umetoka wapi.

Umetoka kwenye joto. Kasi ya sauti hewani ni takriban 331.3 jumlisha 0.606 mara nyuzi za Selsiasi. Asubuhi ya Kabale, mji wa milimani nchini Uganda, kwenye nyuzi 12 utapata mita 338.6 kwa sekunde. Mchana wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, chini ya mabati, nyuzi 34, utapata 351.9. Tofauti inakaribia asilimia 4. Kihisi kilichosawazishwa Kabale kikipelekwa Gulu kitauona ukuta wa mita 3 kana kwamba uko mita 2.89, yaani sentimita 11 zimepotea bila mtu kugusa waya. Wengine hudhani kwamba kinachofanya tofauti ni mwinuko, kwa kuwa Kabale iko juu. La. Shinikizo la hewa likipungua, uzito wa hewa nao hupungua kwa kiasi kilekile, na kasi inabaki palepale. Unyevu nao huibadilisha kasi kidogo mno, hata ukiwa kando ya Ziwa Viktoria. Joto ndilo la kushughulikia.

Kwa roboti inayokwepa miguu ya meza, sahau habari hiyo. Asilimia 4 ya sentimita 30 ni sentimita 1 tu. Kwa tangi la maji ni kesi nyingine kabisa. Tangi la plastiki la lita 1,000 lenye kina cha mita 1.2 lina lita 8 na ushee kwa kila sentimita. Maji yakiwa yamebaki kidogo chini, kosa la asilimia 4 ni sentimita 4 hivi, na hizo ni karibu jerikeni mbili za lita 20. Hapo weka kihisi cha joto kama DS18B20, na ukiweke ndani ya tangi, kati ya mfuniko na maji. Tangi jeusi likipigwa na jua, hewa iliyo chini ya mfuniko huwa ya moto kuliko ile inayogusa maji, na kipimo cha joto kutoka nje ya tangi hakitakuambia lolote.

Maadam tumefika kwenye tangi, HC-SR04 si ya huko. Mvuke utaingia kwenye wavu wake na itakufa taratibu. Kinachotumika ni JSN-SR04T, chenye jicho moja lililofungwa lisipitishe maji, na waya mrefu. Lakini jicho moja lina gharama yake. Kipande kilekile kinachopiga kelele ndicho kinachosikiliza, na baada ya kupiga kinaendelea kutetemeka kwa muda, kama sufuria iliyogongwa kijiko. Mpaka kitulie, hakisikii. Kwa sababu hiyo hakioni chochote kilicho karibu kuliko sentimita 20 hadi 25. Kwa hiyo kipandishe juu ya mfuniko kwa kipande cha bomba kifupi na kipana, ili hata tangi likijaa maji yasiingie kwenye eneo hilo la upofu. Kiweke angalau sentimita 30 kutoka ukuta wa tangi, na mbali na mahali maji yanapomwagikia. Tone moja la maji likining'inia usoni pake asubuhi linatosha kuvuruga vipimo, kwa hiyo zoea kukifuta.

Turudi kwa roboti na ukuta wake wa mshazari. Mawimbi ya kilohetzi 40 yana urefu wa milimita 8.6 hivi. Kitu chochote ambacho mikwaruzo yake ni midogo sana kuliko hapo, kwa sauti hiyo ni kioo. Ukuta uliopigwa lipu na rangi ni kioo. Mlango wa mbao uliopakwa vanishi ni kioo. Ukimulika tochi kwenye kioo kilichoinama, mwanga hauji kwako, unakwenda pembeni. Sauti nayo ni vilevile. Ukuta ukiinama zaidi ya nyuzi 15 au 20 kutoka uso kwa uso, sehemu kubwa ya sauti inatupwa upande wa pili wa korido. Huko huenda ikagonga ukuta mwingine na kurudi kwa njia ndefu, na roboti itasoma sentimita 180 ilhali ukuta uko sentimita 40. Au hairudi kabisa.

Kona, kwa upande wake, inaonekana vizuri ajabu. Kuta mbili zikikutana kwa nyuzi 90 huirudisha sauti kulekule ilikotoka, hata ukiwa umesimama upande upande. Na ukuta wa udongo usiopigwa lipu, wenye mabonge na mashimo ya ukubwa wa kidole, hutawanya sauti kila upande, kwa hiyo roboti huuona kwa mshazari kuliko inavyouona ukuta wa saruji. Roboti iliyofaulu kijijini inaweza kufeli kwenye korido mpya ya vigae. Si ushirikina.

Halafu kuna vitu vinavyoimeza sauti. Godoro la sponji, blanketi, sweta nene, pazia zito lenye mikunjo. Kuku naye yumo, manyoya yake hayarudishi mengi. Kihisi kinachoona ukuta kwenye mita 3 kinaweza kulikosa pazia kwenye mita 1. Na vitu vyembamba kama spoki za baiskeli, waya wa kuanikia nguo au mguu wa kiti cha chuma hurudisha kipande kidogo tu cha sauti, kwa sababu sehemu kubwa ya sauti huvipita pembeni.

Nguvu ya mwangwi huharibu hata vipimo vinavyoonekana vizuri. Saketi ya ndani husubiri mtikisiko uvuke kiwango fulani ndipo iseme nimesikia. Mwangwi wenye nguvu huvuka kiwango hicho kwenye mtikisiko wa kwanza au wa pili. Mwangwi dhaifu hupanda polepole na huvuka kwenye wa tatu au wa nne. Kila mtikisiko huchukua maikrosekunde 25, ambazo ni karibu milimita 4 za umbali. Ukiona kitu kilichotulia kinasomwa 81.2, kisha 81.6, kisha 81.2 tena, umeona mtikisiko mmoja ukirukwa. Karatasi ya kiwanda inataja usahihi wa milimita 3. Huo ni wa bamba gumu, tambarare, lililowekwa uso kwa uso mezani. Nje ya meza hiyo, hesabu sentimita 1 na ushukuru.

Maikrofoni nayo haijui kutofautisha sauti yake na ya mwingine. Chochote kinachotoa kilohetzi 40 ni mwangwi kwake. Jaribu hivi: elekeza kihisi mahali pa wazi, kisha tikisa funguo karibu na jicho la R. Namba zitaanza kucheza. Vyuma vidogo vikigongana hutoa sauti nyingi za juu tusizozisikia, na jambo hilo lilijulikana zamani: rimoti ya televisheni ya Zenith iliyotoka Marekani mwaka 1956 ilitumia sauti za aina hii, na funguo au sarafu ziliweza kubadilisha chaneli bila mtu kuishika. Hewa inayovuja kwa nguvu ni adui mwingine. Kompresa ya fundi wa matairi au breki za lori zikitoa pumzi huweza kuipofusha roboti iliyo jirani.

Sasa hilo neno "wa kwanza". Karatasi hutaja pembe ya nyuzi 15. Kwenye mita 1 hiyo ni duara la upana wa sentimita 26, na kwenye mita 2 linafika sentimita 53. Kwa kweli kitu kikubwa kinaweza kusikika hata nje ya pembe hiyo. Kihisi hakisemi kitu kiko wapi ndani ya duara, kinasema tu kwamba cha karibu zaidi kiko umbali fulani. Mlango ulio wazi wenye upana wa sentimita 80, ukiutazama kutoka mita 3, huenda usionekane kama mlango. Fremu yake itajibu kwanza, na roboti itaamini kuna ukuta.

Popo hushinda hapa kwa sababu wana masikio mawili na husikiliza miangwi yote, si mmoja. Ingawa si popo wote. Wale waliolipa Bat Valley (Bonde la Popo) ya Kampala jina lake ni wala matunda wanaotegemea macho na pua. Wa kutafuta ni wale wa pango la chatu kwenye msitu wa Maramagambo, magharibi mwa Uganda, ambao hupata njia gizani kwa kugonga ulimi. Kihisi chetu kina sikio moja, na kikishasikia jibu la kwanza kinafunga mlango.

Jibu la kwanza mara nyingi ni sakafu. Kihisi kikiwekwa sentimita 8 kutoka chini, ukingo wa duara hugusa sakafu kwenye sentimita 60 hivi. Kwenye vigae si tatizo, sauti huteleza na kwenda zake mbele. Kwenye uwanja wa murram wenye kokoto, roboti itasimama kila hatua ikidhani imekutana na kitu. Kipandishe hadi sentimita 12 au 15 kama umbo linaruhusu, na ukiinamishe kuelekea juu kwa nyuzi 5 hadi 10. Kipande cha kadibodi iliyokunjwa chini ya bodi ya kihisi kinatosha.

Wakati mwingine jibu la kwanza si lako, ni la swali lililopita. Tuseme unapiga kila baada ya milisekunde 25, na mwisho wa korido uko mita 5. Mwangwi wa huko huchukua karibu milisekunde 29. Utafika milisekunde 4 baada ya mpigo wa pili, na kihisi kitaapa kwamba kuna kitu sentimita 70 hivi mbele. Kizuka kitupu. Ndiyo sababu inashauriwa kuacha milisekunde 60 kati ya mpigo na mpigo. Ukiwa na vihisi vitatu usivipige pamoja. Piga cha kushoto, subiri, cha kati, subiri, cha kulia. Zamu nzima ni milisekunde 180, na roboti inayokwenda nusu mita kwa sekunde itakuwa imesogea sentimita 9 kabla jicho moja halijatazama tena. Kwa hiyo mwendo wa roboti huamuliwa na masikio yake, si na mota. Wanaofunga mota kubwa zaidi ili washinde mashindano wangefanya hesabu hii kwanza.

Kwenye nyaya, makosa ni yaleyale kila mwaka. HC-SR04 hutaka volti 5, na pini yake ya Echo hutoa volti 5. Arduino Uno, bodi ndogo ya kuendeshea roboti, haina shida na hilo. Bodi nyingine, ESP32 na Raspberry Pi, zinakubali volti 3.3 tu kwenye pini zake, na wanaoziunganisha moja kwa moja huua pini, wakati mwingine si siku hiyohiyo, jambo linalofanya chanzo kisijulikane. Weka rezista mbili: ya kilo-om 1 kutoka Echo hadi pini ya bodi, na ya kilo-om 2 kutoka pini hiyohiyo hadi graundi. Volti 5 zitashuka hadi 3.3. Ukikosa ya kilo-om 2, unganisha mbili za kilo-om 1 kwa mfuatano. Au nunua HC-SR04P, ambayo hukubali kufanya kazi kwa volti 3.3. HC-SR04 ya kawaida ukiilisha volti 3.3 wakati mwingine hufanya kazi, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu utaiamini.

Kama vipimo ni safi roboti ikiwa imesimama na vinaharibika mota zikizunguka, usiguse programu. Mota zinapoanza huvuta umeme mwingi ghafla, volti zinaporomoka, na kihisi kinasikia kelele. Weka kapasita ya maikrofaradi 100 kati ya VCC na GND, karibu kabisa na kihisi, na kapasita ndogo ya maikrofaradi 0.1 kati ya ncha mbili za umeme za kila mota. Ukiweza, mota zipate betri yake na bodi ipate yake, lakini graundi zote ziunganishwe pamoja. Graundi isipokuwa ya pamoja, utapata namba za ajabu ambazo hakuna hesabu itakayozieleza.

Kwenye programu kuna kosa moja ninaloliona ni baya kuliko mengine yote. Amri ya pulseIn ya Arduino, inayopima muda wa Echo kubaki juu, usipoiwekea ukomo, husubiri hadi sekunde 1 nzima, na muda huo roboti inaendelea kutembea kipofu. Kwa hiyo watu huandika pulseIn(echo, HIGH, 25000), maikrosekunde 25,000 zikiwa sawa na mita 4 na kitu. Vizuri. Lakini muda ukiisha bila mwangwi, amri hiyo hurudisha 0. Ukigawa 0 kwa 58 unapata sentimita 0, na roboti inashtuka na kurudi nyuma katikati ya uwanja mtupu. Fundi anakasirika, anaandika kwamba 0 maana yake ni mita 4, njia nyeupe. Hapo ndipo roboti inapojikita ukutani kwa mshazari. Sifuri haina maana ya karibu wala ya mbali. Ni kimya, na kimya kinaweza kuwa uwanja mtupu, pazia, au ukuta ulioinama. Ipe 0 hali yake yenyewe kwenye programu: punguza mwendo hadi nusu, geuka nyuzi 15, uliza tena. Ukuta wa mshazari ukigeuziwa uso kidogo huanza kujibu.

Usitumie wastani wa kawaida kusafisha vipimo. Chukua 52, 53, 52, 310, 53. Wastani wake ni 104, umbali ambao haupo popote. Zipange kwa ukubwa uchukue ya katikati: 53. Vipimo 5 vinatosha, na 3 vinatosha kwa roboti yenye haraka.

Hata ukifanya yote hayo, sauti peke yake haitoshi kwa roboti inayotembea kati ya watu. Kihisi cha leza kama VL53L0X huona pazia vizuri, lakini kinayumba juani na mbele ya kioo cha dirisha, mahali ambapo sauti haina shida. Vinasaidiana. Na mbele kabisa weka bampa yenye swichi mbili ndogo za kugusa. Ni za bei ya chini na hazidanganyi. Miaka ya 1980 Hans Moravec na Alberto Elfes, huko Carnegie Mellon nchini Marekani, waliikabili pembe hii pana kwa njia nyingine: waligawa sakafu katika viboksi vidogo kwenye kompyuta, na kila mwangwi ukapewa haki ya kuongeza au kupunguza shaka kwenye viboksi vingi kwa pamoja, mpaka picha ijichore baada ya vipimo vingi. Leo kazi hiyo hufanywa na ESP32 moja bila kutoa jasho.

Kabla ya kufunga kihisi chochote kipya kwenye roboti, kipime mezani, maana toleo la kiwanda hiki na kile hutofautiana. Vingine husubiri mwangwi milisekunde 38 hivi, vingine huiacha Echo juu kwa karibu 200. Tafuta futi ya fundi seremala na ubao tambarare wa sentimita 30 kwa 30. Usimamishe ubao kwenye sentimita 10, 50, 100 na 200, na kila mahali andika vipimo 20. Kisha kwenye sentimita 100 uzungushe ubao kidogo kidogo, nyuzi 5 kwa kila hatua, mpaka namba zipotee. Andika pembe hiyo kwa kalamu ya wino nyuma ya bodi ya kihisi. Mwisho funika ubao kwa shuka, halafu kwa blanketi, uone kipi kinabaki.